Viti vya Watoto Ndani ya Gari: Maneno Tuliyowaambia Wanachama Kwenye Mkutano Mkuu

Maneno haya yalisemwa na timu yetu ya nyanjani mbele ya mkutano mkuu wa wanachama. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa, ili wale waliokosa kufika, pamoja na wafadhili wetu walio mbali, nao wayasome.

Mzee Prezida, wajumbe wa komite, Mama kesiye, wazee wetu, mama zetu, ndugu na dada: tunawasalimia wote. Jambo kwenu!

Tunawashukuru kwa kutupa nafasi hii kabla ya habari za kasha. Tunajua kila mmoja hapa anangoja habari za kasha. Lakini mtaona ya kwamba maneno yetu nayo yataishia kwenye kasha, basi mtuvumilie kidogo.

Tumekuja kuongea juu ya vile viti 14 vilivyo depo.

Wengi wenu mnavijua. Vilitoka kwa ndugu zetu tuliokuwa nao Nyarugusu, ambao sasa wanakaa Marekani. Walichangishana, wakavinunua, wakavituma mpaka Dar es Salaam. Vikapita Kigoma, vikavuka ziwa, vikatufikia. Sisi tulivipokea, tukavihesabu, tukatia sahihi kwenye karatasi, tukaviweka depo. Tulisema tungoje kwanza tufanye liste ya watoto. Halafu tukasema tungoje tufanye mafunzo. Halafu mvua ikaingia, kazi za mbegu zikatubana. Viti vikakaa depo miezi saba. Siku moja tulikuta mlinzi wetu amekikalia kimoja pale nje, anamenya mihogo. Tulicheka sana. Leo hatucheki.

Mnaikumbuka ajali ya njia ya Uvira, ile ya jioni. Gari lilikuwa limebeba watu wetu, wanatoka kwenye kilio. Mbele yao kamio lilikuwa limeharibika katikati ya barabara, halina taa, wameweka matawi ya miti tu kwa nyuma. Shofere aliona matawi akiwa amekaribia. Alikanyaga breki, lakini akagonga. Hakuwa anakimbia sana. Watu wote walitoka kwa miguu yao. Mmoja alipasuka mdomo, mwingine alitegua mkono. Watu walisimama kando ya barabara wakasema, "Mungu asifiwe, hakuna mutu amekufa."

Ndani ya lile gari mlikuwa na mtoto wa kike wa miaka 6, binti wa mwanachama wetu. Hakuwa kwenye magoti ya mtu. Mama yake alimkalisha nyuma, akamfunga mkanda. Mtoto alilalamika kwamba mkanda unamkata shingo, basi akaupitisha ule wa kifuani nyuma ya mgongo wake, akabaki na ule wa tumboni peke yake. Walipogonga, alilia kidogo kisha akanyamaza. Tumboni alikuwa na alama nyekundu, ndefu kama mkanda wenyewe. Wakampaka mafuta, wakampa chai, akalala. Usiku akaanza kutapika. Asubuhi tumbo lilikuwa gumu kama ngoma. Walipomfikisha hospitali, waganga walikuta utumbo umechanika. Walimpasua siku ileile.

Mtoto yuko mzima, tunamshukuru Mungu. Amerudi shuleni. Mama yake yuko hapa kati yetu, ndiye aliyetupa ruhusa ya kuyasema haya, tena alituambia tuyaseme yote. Tulipokwenda kumtazama hospitali, hakutulaumu. Alituuliza swali moja tu: "Ninyi ndio mulitufundisha tufunge mukanda. Nikafunga. Sasa nilikosea wapi?"

Swali lile ndilo lililotuleta hapa mbele yenu. Jibu letu ni hili: mama hakukosea, sisi ndio tulikosea. Tulifundisha nusu ya somo, na nusu nyingine tukaifungia depo.

Sasa tuwape ile nusu iliyobaki.

Sisi ni watu wa ziwa. Tangu mwaka 2005, HCR ilipoanza kuturudisha kwa meli kutoka Kigoma, hakuna mmoja wetu asiyejua jile ya kuokolea ni nini. Sasa tuulizane: ukimvalisha mtoto wa miaka 5 jile ya baba yake, halafu akaanguka majini, itatokea nini? Jile itapanda juu, mtoto atateleza chini. Jile itaelea, mtoto atazama. Jile yenyewe haina ubaya wowote, ila haikushonwa kwa kipimo chake.

Mkanda wa gari nao ni vilevile. Umetengenezwa kwa kipimo cha mtu mzima. Una sehemu mbili. Ya chini inatakiwa kulala kwenye mifupa ya nyonga, pale mapaja yanapoanza. Ya juu inatakiwa kupita katikati ya bega na kifua. Kwa nini pale? Kwa sababu pale pana mifupa migumu. Gari likisimama ghafla, mifupa ndiyo inayobeba nguvu yote. Mtu mzima akikaa vizuri, mkanda unaangukia pale wenyewe.

Mtoto ni mfupi. Akikaa kwenye kiti cha gari, mkanda wa chini unapanda tumboni, na tumboni hakuna mfupa. Kuna utumbo, kuna ini, kuna bandama. Mkanda wa juu nao unamkata shingo, basi anauweka nyuma ya mgongo au chini ya kwapa, kama alivyofanya yule binti. Tena miguu yake haifiki ukingoni pa kiti ili magoti yakunjike. Kukaa wima kunamchosha, anateleza mbele, na kila akiteleza mkanda unazidi kupanda. Basi siku ya ajali, mkanda uliofungwa kwa kumlinda ndio unaomkata.

Hapo ndipo vile viti vinapoingia. Waliozoea Kifaransa wanasema *rehausseur*. Sisi tuseme tu kiti cha kumuinua mtoto. Si kitu cha ajabu. Ni kama mto mgumu wa plastiki uliovikwa kitambaa, una masikio mawili pembeni, na mkanda unapita chini ya masikio hayo. Vingine vina mgongo, vingine havina. Kati ya vyetu 14, vitano vina mgongo. Kazi yake ni kumuinua mtoto, ili mkanda wa mtu mzima umkae pale unapotakiwa kukaa. Basi. Kiti hakimshiki mtoto. Kinachomshika ni mkanda. Mtu akiweka mtoto juu ya kiti hiki bila mkanda, amempa mtoto mahali pa kuangalia dirishani tu.

Wengine mtasema: gari zetu haziendi mbio, barabara yenyewe mbaya. Sikieni. Gari likienda kilometa 50 kwa saa likagonga kitu kigumu, ni sawa na mtu kuanguka kutoka juu meta 10 hivi. Tafuteni mchikichi mrefu mtazame kileleni. Kwa kilometa 30 kwa saa, mwendo ambao motari anaona kama kutembea, ni sawa na kuanguka zaidi ya meta 3, yaani kutoka juu ya paa la nyumba zetu. Hakuna mama anayeweza kusimama chini akamdaka mtoto wa kilo 20 anayeanguka toka mchikichini. Na kumshika mtoto kwenye magoti ni kujiambia kwamba utamdaka. Si kwamba upendo umepungua. Mikono ya binadamu haina nguvu hiyo, hata ya baba mchukuzi wa bandarini.

OMS, Shirika la Afya Duniani, inahesabu watu karibu milioni 1 na laki 2 wanaokufa barabarani kila mwaka duniani. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29, ajali za barabarani ndizo zinazoua kuliko kitu kingine chochote. Na kule Marekani, walipowafuatilia watoto wa miaka 4 mpaka 8 waliopata ajali, walikuta kwamba wale waliokalia viti kama hivi walikuwa na hatari ya kuumia iliyopungua kwa asilimia 45, ukilinganisha na waliofungwa mkanda wa mtu mzima peke yake. Karibu nusu. Kwa kitu kinachobebwa kwapani.

Sasa, ni mtoto gani wa kukalia kiti hiki? Msihesabu miaka peke yake. Tunao watoto wa miaka 10 ambao ni wafupi, na wengine wa miaka 8 wamerefuka kama wajomba zao. Tazameni kimo. Tumepiga mstari kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa biro yetu, kwenye meta 1 na sentimita 45. Mtoto akisimama bila viatu na kichwa hakijafika mstarini, bado anahitaji kiti. Akishaupita, mkalisheni kwenye kiti cha gari mtazame mambo matano:

1. Mgongo na matako yake yamegusa nyuma kabisa.
2. Magoti yanakunjika vizuri ukingoni pa kiti.
3. Mkanda wa chini umelala kwenye nyonga na mapaja, hauko tumboni.
4. Mkanda wa juu unapita katikati ya bega, haugusi shingo.
5. Anaweza kukaa hivyo safari nzima, mpaka Uvira, bila kuteleza.

Likikosekana moja tu, mrudisheni kwenye kiti chake.

Kwa upande wa wadogo, kiti hiki hakiwafai walio chini ya miaka 4 hivi, au ambao hawajafika kilo 18. Hao wanatakiwa kiti kingine chenye mikanda yake yenyewe, na mchanga kabisa anakaa ametazama nyuma. Viti hivyo hatuna, tuseme ukweli. Lakini mambo mawili yanawezekana leo hii bila senti. Kwanza, mtoto asikae mbele, wala kwenye magoti mbele. Gari lenye mfuko wa hewa mbele ni baya zaidi kwa mtoto, maana ule mfuko unatoka kwa kishindo na unaweza kumuua. Pili, mama asijifunge mkanda mmoja na mtoto. Tunawaona wengi wakifanya hivyo kwa nia njema. Gari likigonga, uzito wote wa mama unamponda mtoto juu ya mkanda.

Namna ya kukitumia ni rahisi, ila iangaliwe. Kiti kinawekwa nyuma, mahali penye mkanda wa sehemu mbili, ule wa nyonga na wa bega. Mahali pa katikati kwenye magari mengi ya zamani pana mkanda wa tumboni tu. Pale msikiweke. Mtoto anakaa, mkanda wa chini unapita chini ya masikio, wa juu unapita begani, mnavuta ulegevu wote. Koti zito livuliwe kwanza. Usiwe mkanda mmoja kwa watoto wawili. Halafu, magari yetu mengi yanatoka Japani, usukani uko kuume, na huku kwetu tunaendesha upande wa kuume wa barabara. Basi mlango wa kushoto unafunguka katikati ya barabara, pale kamio na moto zinapopita. Mtoto mkimweka nyuma upande wa kuume, mnamshusha kando ya barabara, kwenye majani. Ni jambo dogo, lakini tumeshaona mtoto akishuka kushoto na motari anapita.

Tunajua mama zetu ni wataalamu wa kujitengenezea vitu. Mtu atasema: nitakunja blanketi, au nitaweka mto. Tunawaomba, hapana. Mto unabonyea na kuteleza wakati uleule gari linaposimama, na mtoto anapita chini ya mkanda. Kama hamna kiti, mtoto akae nyuma, mkanda wa chini mushusheni chini kabisa kwenye mapaja, aketi wima. Si ulinzi kamili, lakini ni bora kuliko magoti.

Na kitu ambacho laiti tungalikifundisha mapema: baada ya ajali, hata ndogo, mvueni mtoto nguo mtazame tumbo. Mkiona alama ya mkanda tumboni, msingoje kutapika, wala msingoje asubuhi. Mpelekeni kwa waganga saa ileile mkawaambie, "Alikuwa amefungwa mkanda." Neno hilo litawaonyesha waganga mahali pa kutafuta.

Tulipopita kwenye kartiye tulisikia maneno mengi, na tunataka tuyajibu mbele ya wote.

Mzee mmoja alituambia, "Watoto wangu, tulipanda malori tangu vita ya kwanza, juu ya magunia, na tulifika." Ni kweli, mzee wetu, mlifika, nasi tulifika migongoni mwenu. Lakini waliofika ndio wanaosimulia. Kila familia hapa inajua jina la mtu ambaye hayuko leo wa kusimulia njia yake.

Wengine walisema, "Mlinzi ni Mungu." Nasi tunasema amina. Lakini tukipanda mtumbwi wa injini kwenda Kalemie, tunaomba, na jile tunavaa. Hakuna mchungaji aliyewahi kutukataza jile kwa sababu tumeomba.

Kijana mmoja alisema kweli kubwa kuliko zote: "Ninyi munaongea juu ya gari. Sisi tunapanda moto." Hapo hatuna kiti cha kumpa mtu. Kiti hiki hakifungwi kwenye moto, na mtu asijaribu. Kwa moto tunaomba mambo matatu tu: mtoto asikae mbele kwenye tangi, asipande moto mtoto ambaye miguu yake haijafika pa kukanyagia, na mzazi anayeweza kununua helme amnunulie mtoto ya kipimo chake. Tunajua watoto wetu wengi wanapanda moto kuliko gari. Lakini kushindwa kwa upande wa moto kusitufanye tuache hata kule kwenye gari tunakoweza. Safari zetu ndefu, za kilio, za hospitali, za arusi, zote tunakwenda kwa gari, na mara nyingi ni gari ambalo chama chenyewe kimekodi.

Na sasa tumefika kwenye kasha, kama tulivyowaahidi.

Mnajua desturi ya magari yetu. Nyuma wanakaa wanne, mbele wawili pamoja na shofere, na watoto wanakaa juu ya magoti. Mtoto akikaa kwenye magoti, halipi. Akikaa kwenye kiti chake, amechukua nafasi ya mtu, na shofere anataka bei ya nafasi. Tusidanganyane. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya mtoto kukaa kwenye magoti. Wazazi si wajinga, na watoto wao wanawapenda. Franga ndizo hazitoshi. Tungewapa viti bure bila kuongea juu ya hiyo nafasi, vingerudi kumenyea mihogo.

Basi tuliwaendea shofere wanaotubeba mara nyingi. Tulikaa nao, tukawasimulia habari ya yule binti, maana mmoja wao ndiye aliyekuwa anaendesha siku ile, naye hajalala vizuri tangu hapo. Watatu wamekubali mambo mawili. La kwanza, wamefukua mikanda ya nyuma. Kwenye magari mengi mikanda ipo, imefunikwa tu chini ya vitambaa na godoro za viti tangu gari liliponunuliwa. Tumeikagua mmoja mmoja, tukaivuta kwa nguvu, tukajaribu kama inafunga na kufunguka. La pili, mtoto anayekuja na kiti atalipa nusu ya nafasi.

Ile nusu nani ailipe? Hapa ndipo tunawaomba ninyi mkutano mkate shauri. Mapendekezo yetu ni haya:

Kwanza, viti vitoke depo leo. Kumi viwe vya kuazima, viandikwe kwenye daftari la biro: jina la mzazi, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha. Mtu akichukua, mmoja wetu anamwonyesha kwa mkono namna ya kufunga, ndipo anaondoka. Vinne vikae kwa shofere watatu, vile vyenye mgongo vikiwemo viwili.

Pili, kuanzia leo, gari lolote ambalo chama kinakodi likaguliwe mikanda ya nyuma kabla ya kulipwa. Lisilo na mikanda, lisibebe watoto wetu.

Tatu, kwa safari za hospitali na za kilio, kasha la mshikamano lilipe ile nusu ya nafasi ya mtoto. Kwa safari nyingine, mzazi alipe mwenyewe. Tunajua kasha lina kazi nyingi, kuna mazishi, kuna wanaojifungua, kuna waliochomewa nyumba. Mama kesiye ametupigia hesabu ya safari za mwaka uliopita, naye atawasomea. Tunaomba tu mkisikiliza hesabu yake mkumbuke na gharama nyingine ambayo kasha hilihili lililipa: operesheni, dawa, na wiki za mama kulala chini kando ya kitanda cha hospitali.

Nne, kiti kilichokuwa ndani ya gari lililogonga kisitumiwe tena, hata kama kinaonekana kizima. Plastiki inapasuka ndani mahali pasipoonekana. Kirudishwe kwetu, tukivunje wenyewe, kisiuzwe sokoni.

Maneno machache kwa ndugu zetu walio mbali na kwa wafadhili wote watakaosoma haya. Asanteni. Tunajua mlivyoanza kuvifahamu viti hivi. Mlituambia wenyewe namna mlivyofika kule na watoto, na mtu aliyewapokea uwanja wa ndege akakataa kuwasha gari mpaka kila mtoto akae kwenye kiti chake, nanyi mkashangaa. Mlikumbuka watoto wetu, mkatuma. Sisi tukachelewa, na tunawaomba radhi kwa miezi ile saba.

Mkitaka kutuma tena, tuna maombi. Msitutumie kiti kilichokwisha kupata ajali, wala kile ambacho hamjui kilitoka kwa nani. Angalieni kiwe na karatasi yake ya kipimo na tarehe yake ya mwisho ya kutumika. Vyenye mgongo vinatufaa kwa watoto wa miaka 4 mpaka 7, na hao ndio wengi. Tena, kama mnapima kati ya kutuma kiti cha kumi na tano na kusaidia kasha kulipa zile nusu nafasi, ungeni mkono kasha kwanza. Viti vinatutosha kuanza. Kinachokosekana ni nafasi ya mtoto ndani ya gari.

Tunamaliza. Baba zetu na mama zetu, sisi ni watoto wenu. Wengi wetu tulizaliwa njiani au kambini, mkatubeba mgongoni, mkatuvusha ziwa. Mlitufikisha kwa nguvu za mikono yenu kwa sababu hamkuwa na kitu kingine. Leo tuna kitu kingine. Kiko depo, na funguo iko kwenye meza hii. Mkituruhusu, tutakwenda kufungua sasa hivi.

Asanteni kwa kutusikiliza.

Baada ya maneno haya wanachama waliuliza maswali kwa muda wa saa moja hivi. Shauri la kwanza, la pili na la nne yalikubaliwa na wote. La tatu lilileta ubishi, kwa kuwa wazee wengine waliogopa kasha litaisha kabla ya mwaka. Mwishoni lilikubaliwa kwa majaribio ya miezi sita, kisha Mama kesiye atatoa hesabu mbele ya mkutano. Viti vilitolewa depo siku ileile. Wa kwanza kutia sahihi kwenye daftari alikuwa mama wa yule binti.